Paka wangu atapanda roketi?

Safu ya Daktari wa Wanyama

Katika toleo lililopita msomaji mmoja mdogo aliniuliza kama mbwa anaweza kuishi Mwezini, nami nikamjibu kwa mistari mitatu kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha. Barua zilizofuata zimenionyesha kuwa wengi walitaka zaidi. Mhariri amekubali kuniachia kurasa zote za mwezi huu, kwa hiyo wenye maswali ya minyoo ya mbuzi na kupe wa ng'ombe nawaomba mnivumilie hadi mwezi ujao.

Hamu yangu na jambo hili ni ya zamani. Nimekulia Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, pale Waitaliano walipoweka jukwaa lao la kurushia roketi baharini, San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa pale setilaiti ya Wamarekani ya kupima miale ya eksrei itokayo kwenye nyota, nayo ikapewa jina Uhuru. Hiyo ilinitangulia kuzaliwa. Niliyoiona kwa macho yangu ni ya Machi 1988, ya mwisho kurushwa pale. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko ufukweni na watoto wenzangu, tunaruka na kupiga makofi. Nilipokimbilia zizini kumwambia mama, nilimkuta amepiga magoti katikati ya mbuzi. Walikuwa wamejibana wote kwenye kona moja, huyu kampanda yule mgongoni, na mmoja aliyekuwa na mimba alikuwa akitetemeka mapaja kama mwenye homa. Mama alikuwa amemfunika macho kwa kiganja. Mtu akinitajia roketi hadi leo, naona yale mapaja.

*Shikamoo Bi Daktari. Mimi ni msichana wa kidato cha pili hapa Malindi. Mwalimu alitupa insha ya "Maisha yangu Mirihi". Niliandika kwamba nitakwenda na paka wangu Karafuu, ambaye nimemlea tangu hajafumbua macho. Mwalimu amepiga mstari mwekundu na kuandika "paka hawezi kuishi huko". Ni kweli? Na kama hawezi, ni kitu gani hasa kinachomshinda?*

Marahaba, mwanangu. Kwanza ujue kwamba paka ameshafika angani na akarudi mzima. Tarehe 18 Oktoba 1963 Wafaransa walimrusha paka jike, mweusi na mweupe, kutoka Hammaguir katika jangwa la Algeria, kwa roketi ya Véronique. Jina lake ni Félicette. Alipanda kilomita 157 hivi, akakaa bila uzito kwa dakika kama tano, akashuka kwa parachuti. Safari nzima haikufika robo saa. Lakini alikuwa amepandikizwa nyaya ndani ya ubongo, na baada ya miezi kama miwili walimuua ili wauchunguze ubongo wake. Mwaka 2019 alisimamishiwa sanamu karibu na Strasbourg. Ameketi juu ya tufe la dunia, anatazama juu.

Dakika tano na miaka kumi na mitano ni vitu viwili mbalimbali, na hapo mwalimu wako ana hoja.

Bila shaka umewahi kumwona Karafuu akiteleza ukutani. Anaanza kuanguka mgongo chini, lakini kabla hajafika ameshajigeuza, miguu inatangulia. Kinachomwambia chini ni wapi ni kiungo kidogo ndani ya sikio kinachohisi mvutano wa dunia. Zamani jeshi la anga la Marekani liliwapandisha paka kwenye ndege inayopaa na kushuka kwa namna ya kumfanya kila aliyemo aelee kwa sekunde chache, nao wakapigwa picha. Paka anajipinda, anajipinda tena, miguu inatafuta sakafu upande huu na ule. Niliwaonyesha wanafunzi wangu wa mafunzo kazini picha zile, mmoja akainuka akatoka nje.

Ukifika Mirihi kwenyewe, hilo linapungua. Kule mvutano upo, kama asilimia 38 ya huu wetu. Karafuu wa kilo nne ungemwinua kana kwamba ana kilo moja na nusu. Msuli unaomrusha hapa mita moja na nusu hadi juu ya kabati ungempaisha karibu mita nne, na sidhani kama nyumba za kule zitakuwa na dari za urefu huo. Angejigonga siku za mwanzo, kisha angejifunza. Paka hujifunza upesi mambo ya kuruka.

Balaa ni njiani. Safari ya kwenda Mirihi ni miezi sita hadi tisa ya kuelea. Fikiria choo chake tu. Paka hachimbi mchanga kwa ajili ya usafi wetu. Anafukia kwa sababu silika inamwambia afiche harufu yake kwa adui. Katika chombo kinachoelea, mchanga ungemrudia usoni. Panya wanaofugwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga wana vizimba vyenye upepo unaosukuma mkojo na kinyesi hadi kwenye vichujio, na panya hilo haliwasumbui sana. Paka hawako hivyo. Kliniki kwangu, kila mara familia inapohama nyumba au kupata mtoto mchanga, huletewa paka dume aliyezuia mkojo kwa wasiwasi hadi njia imeziba. Kibofu kinakuwa kigumu kama limau bichi chini ya vidole. Asipofunguliwa njia ndani ya siku moja au mbili, anakufa. Mwanangu, hebu fikiria kuifanya kazi ile ya mrija mwembamba wakati paka anaelea, daktari anaelea na matone ya mkojo yanaelea.

Tukifika salama, kuna vumbi. Mwaka 1972 Harrison Schmitt wa Apollo 17 alivua vazi lake ndani ya chombo, pua ikavimba, akaanza kupiga chafya kwa sababu ya vumbi la Mwezi. Yeye alipumua tu. Karafuu angelilamba. Paka hutumia sehemu kubwa ya muda anaokuwa macho kujilamba, na chochote kilicho kwenye manyoya kinaishia tumboni. Udongo wa Mirihi una chumvi ziitwazo pekloreti, ambazo chombo cha Phoenix kilizigundua mwaka 2008. Chumvi hizo huizuia tezi ya shingoni isichukue madini joto, na tezi hiyohiyo ndiyo inayowasumbua sana paka wazee hata hapa duniani. Kwa hiyo paka wa Mirihi hapaswi kabisa kukaa chumba kimoja na mavazi yaliyotoka nje, na kila kifuta-miguu na kila mlango italazimu upangwe kwa kumfikiria yeye.

Kisha mionzi. Vipimo vya chombo cha Curiosity vinaonyesha kuwa juu ya uso wa Mirihi kiumbe angepokea kwa mwaka karibu mara 100 ya mionzi ya asili tunayoipata sisi kwa wastani. Ndiyo maana wataalamu wengi wanazungumzia nyumba zilizofukiwa na udongo au zilizomo mapangoni. Nyumba hizo hazitakuwa na madirisha ya maana, na paka bila dirisha ni mgonjwa anayesubiri siku yake. Nitalieleza hilo kwenye barua ya kaka wa Maskati hapa chini.

Chakula kinaweza kutatuliwa. Paka hana budi kula nyama, au apewe kiwandani kile anachokipata ndani ya nyama. Mwaka 1987 madaktari wa California walionyesha kwamba paka waliokuwa wakifa kwa moyo kutanuka walikuwa wamepungukiwa na kitu kiitwacho taurini, ingawa walikuwa wakila chakula cha dukani kila siku. Viwanda vikaongeza taurini, na ugonjwa ule sasa nauona mara chache sana. Taurini inatengenezeka kwa kemia bila kuchinja kitu.

Basi msimamo wangu ni huu: Karafuu asipande chombo cha kwanza, wala cha pili, wala cha tano. Watu watangulie, wajenge, wakae miaka, na siku moja paka watakwenda. Ukiiandika upya insha yako, usimfute. Mwandikie chumba chake: kiko wapi, kina nini, nani anamhudumia wewe ukiwa kazini. Uniletee niisome.

*Daktari, habari za kazi? Mimi ni mama wa watoto watatu, Nairobi. Kwetu maji yanakuja mara mbili kwa wiki. Nikisikia watu wanapanga mbwa na paka wa kule angani, naudhika. Hewa na maji ya kule si vitapimwa kwa kijiko? Mnyama asiye na kazi apewe kwa lipi?*

Mama, ni njema. Nimekufanyia hesabu. Paka wa kilo nne anayekaa ndani hutumia oksijeni kama gramu 70 kwa siku, na binadamu kama gramu 840. Maji anahitaji kama kikombe kimoja, akihesabiwa na yaliyomo kwenye chakula. Kwa hiyo paka kumi na wawili wanavuta hewa ya mtu mmoja. Maji kule hayamwagwi. Mwaka 2023 Kituo cha Kimataifa cha Anga kilifikia kurejesha asilimia 98 ya maji, ukiwemo mkojo na jasho la wanaanga. Mkojo wa paka nao ungeingia humohumo, ila umeshanywewa na mchanga wake, kwa hiyo mchanga wenyewe utahitaji kukamuliwa. Gharama ipo, ila si ya kumuua mtu kiu.

Ya kazi, nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Paka hakuingia nyumbani kwa binadamu kwa huruma. Kisiwani Kupro kuna kaburi la miaka 9,500 hivi ambamo paka amezikwa kando ya mtu, na kwa kuwa Kupro haikuwa na paka wa asili, mtu alimpakia kwenye chombo akavuka naye bahari. Wakulima walikuwa na nafaka, nafaka ina panya, basi. Paka wa Lamu walifika hivyohivyo, majahazini. Mirihi haitakuwa na panya wa ghalani, Mungu akipenda. Kwa hiyo wanyama wa kwanza wawe wale ambao ghala lenyewe linawahitaji.

Mimi ningeanza na samaki. Mwaka 1973 samaki wawili wadogo walipelekwa Skylab, kituo cha anga cha Wamarekani, wakawa wanaogelea kwa kuzungukazunguka kama waliopotewa na njia. Baada ya siku kadhaa walianza kuugeuzia mwanga mgongo, wakatulia. Waliototolewa kulekule kutoka kwenye mayai waliogelea sawasawa tangu mwanzo. Mwaka 1994 samaki wa Kijapani waitwao medaka walipandana ndani ya chombo cha Columbia, wakataga, na vifaranga wakatoka. Maji ya samaki yanamwagilia mboga, na mtoto aliyezaliwa kule anapata kitu chenye macho cha kukitazama.

Kisha kware. Mwaka 1990 vifaranga vya kware vilitotolewa kwenye kituo cha Mir, vikawa vinabiringika hewani kwa kuwa havikuwa na pa kushika, na kula vyenyewe havikuweza mpaka mtu avishike. Mahali penye mvutano, hata wa theluthi, kifaranga kitasimama. Kware ana mayai, ana nyama, na utumbo na vichwa ambavyo watu hawavili ndivyo vitakavyomlisha paka siku hiyo ikifika. Paka aje baada ya kware, na ghala likiwa limejaa.

Tena mama, lipo eneo hapahapa duniani ambako swali hili lilishaamuliwa kisheria. Bara la Antaktika watu walikaa na mbwa wa kuvuta magari ya theluji tangu safari za mwanzo. Nchi zenye vituo kule zikakubaliana mbwa wote waondolewe ifikapo Aprili 1994, kwa hofu ya maradhi ya mbwa kuwaingia sili. Nawahurumia watu waliofundishwa kazi na mbwa wale kisha wakawapandisha ndege ya mwisho. Lakini uamuzi ulikuwa sahihi, na uliamuliwa kabla ya balaa kutokea. Natamani wanaopanga makazi ya Mirihi wakae chini mapema vivyo hivyo.

*Assalaam alaykum, dada Daktari. Nipo Maskati mwaka wa tisa, ghorofa ya saba. Nina paka ambaye hajawahi kukanyaga nje. Kiyoyozi mwaka mzima, madirisha yamefungwa, chakula cha kopo, na hana shida, ananenepa tu. Tofauti ya maisha yake na ya Mirihi ni ipi? Naona watu mnalikuza jambo.*

Waalaykum salaam, kaka. Tofauti ni ndogo kweli, na ndiyo sababu barua yako imenishughulisha kuliko zote.

Dada yangu anaishi Doha. Miaka michache iliyopita alichukua paka wetu wa nyumbani, Shani, akaenda naye. Karatasi zote nilizishughulikia mimi: chanjo ya kichaa, chipu ya shingoni, kizimba cha kumwezesha kusimama na kujigeuza, na dawa ya usingizi nilikataa kumpa kwa sababu humpotezea paka mizani na joto la mwili hewani. Alifika salama. Baada ya mwaka nikaenda kuwatembelea. Shani alikuja kunipokea mlangoni akajilaza chali, nikaona tumbo. Lilikuwa halina unyoya hata mmoja, kutoka kifuani hadi mapajani, ngozi ya waridi, laini, kama ya kifaranga wa siku moja. Dada alidhani ni fangasi na alikuwa akimpaka dawa. Nilichukua manyoya machache ya pembeni, nikayatia kwenye bahasha, na niliporudi Malindi nikayaweka chini ya hadubini. Manyoya yanayodondoka yenyewe hutoka na mzizi na ncha yake ni nyembamba. Haya ncha zilikuwa zimekatika, zimechanika kama mswaki uliochoka. Shani alikuwa akijilamba mchana kutwa, dada akiwa kazini. Naye alikuwa amenenepa, kaka, kama wako.

Dawa ilikuwa ubao. Shemeji alipigilia ubao wa kukalia dirishani, upande ule njiwa wanakotua juu ya mashine za viyoyozi. Mgeuze paka wako, umwangalie tumbo leo kabla hujamaliza kusoma. Na chakula acha kumwekea kwenye sahani. Dada alikificha kwenye trei za mayai, kidogo hapa kidogo pale, Shani akawa na kazi ya kukitafuta. Baada ya kama miezi mitatu manyoya yalirudi.

Ya Shani yaliniandama niliposoma habari za panya wa angani. Mwaka 2019 watafiti wa NASA walitoa picha za panya waliokaa siku 37 kwenye kituo cha anga. Walikuwa wakila, wanajisafisha, uzito wao mzuri. Lakini baada ya siku kadhaa vijana miongoni mwao walianza kukimbia kwa kuzunguka kuta za kizimba, kisha wakawa kundi zima, mzunguko baada ya mzunguko. Watafiti walitaja sababu zinazowezekana: labda ni mchezo wa kuufurahisha mwili, labda ni sikio la ndani linalotafuta kuhisi kitu, labda ni dhiki ya kufungwa. Mimi nimeona wanyama wengi wakizunguka vizimbani, na moyo wangu unaelekea kwenye dhiki.

Lakini nina habari nyingine iliyonipa tumaini, nayo inamhusu mjusi kafiri. Mwaka 2013 Warusi walirusha chombo cha Bion-M1 kwa siku 30, ndani yake mijusi kafiri 15 wenye vidole vinene, aina ambayo huishi porini hadi huku kwetu Afrika Mashariki. Kila mmoja alivishwa ukosi wa rangi shingoni ili watambulikane. Mmoja akauvua wake, ukawa unaelea. Kamera iliwanasa mijusi wakiusogelea, wakiusukuma kwa pua, wakiuacha uende, wakiurudia. Mijusi! Vidole vyao vilikuwa vinashika ukuta, kwa hiyo hawakuelea ovyo, hawakuwa na hofu, na asiye na hofu hucheza. Hao 15 walirudi hai, ingawa katika chombo hichohicho zaidi ya nusu ya panya walikufa kwa mitambo kuharibika. Mwaka uliofuata mijusi wengine watano walipelekwa, wakakutwa wamekufa wote.

Kwa hiyo mkitaka kujua kama mnyama anaweza kukaa mahali, msiniulize anakula kiasi gani. Niulizeni kama anacheza, na anapoogopa anajificha wapi. Paka wako akiogopa huingia chini ya kitanda. Katika nyumba ya Mirihi kila kipembe kitakuwa na bomba na waya na kifaa, na mtu ataviziba vyote ili nywele zisiingie kwenye mitambo ya hewa. Uvungu wa kitanda lazima uchorwe kwenye ramani tangu siku ya kwanza.

Na tofauti moja kati yako na mtu wa Mirihi ni kubwa mno. Jengo lenu likishika moto, utamkwapua paka utashuka naye ngazi. Kule ukuta ukitoboka, watu watakuwa na sekunde za kukimbilia mavazi yao. Warusi waliwashonea mbwa wao mavazi yenye kofia ya kioo tangu miaka ya 1950, kwa hiyo jambo hilo linawezekana kufanywa. Kwa paka mwenye hofu kubwa, hakuna vazi. Labda mfuko mgumu wenye hewa yake, wa kumtumbukiza na kuufunga kwa mkono mmoja, unaoning'inia kando ya kila mlango. Mpaka niuone mfuko huo, cheti cha kusafiri sisaini.

*Daktari, shikamoo. Ninaandika kutoka Morogoro. Binti yangu wa miaka tisa alisoma shuleni habari za Laika, yule mbwa aliyerushwa angani, akarudi analia. Tangu hapo kila jioni anamfungua mbwa wetu mnyororo, mbwa anatoka, majirani wanalalamika. Nimwambie nini kuhusu Laika? Na huyu mbwa nifanyeje?*

Marahaba, baba. Mwambie kweli yote, kwa sababu watoto tulioambiwa nusu tulikua tukiidai nusu nyingine.

Laika aliokotwa mitaani Moscow. Alikuwa na kilo kama sita, mpole, na ndiyo sababu alichaguliwa. Walimzoesha kwa kumweka kwenye vizimba vinavyozidi kupungua, hadi siku ishirini kwa mkupuo. Kabla ya safari, daktari Vladimir Yazdovsky alimchukua nyumbani kwake akacheze na watoto wake. Alirushwa tarehe 3 Novemba 1957 ndani ya Sputnik 2. Ndani ya kile chombo alifungwa minyororo iliyomruhusu kusimama, kukaa au kulala, ila kugeuka hakuweza. Chombo hakikutengenezwa cha kurudi na wote walilijua hilo. Miaka mingi dunia iliambiwa kwamba aliishi siku kadhaa na kufa bila maumivu. Mwaka 2002 mwanasayansi mmoja wa Urusi alieleza kwamba joto lilipanda ndani, na Laika alikufa kwa joto na hofu saa chache tu baada ya kuruka. Oleg Gazenko, mmoja wa waliomwandaa, uzeeni alisema wazi kwamba anajuta, na kwamba hawakujifunza kiasi cha kuhalalisha kifo kile.

Nimesema kwenye kazi yangu maneno ya kufanana na ya Gazenko, kwa mnyama mmoja, na sikuweza kuyamaliza mbele ya mwenye mnyama huyo. Kwa hiyo namwamini.

Kisha msimulie waliorudi. Mbwa Belka na Strelka, Agosti 1960, walizunguka dunia siku nzima wakarudi. Strelka akazaa watoto sita, na mmoja, Pushinka, akapelekwa Marekani kwa binti wa Rais Kennedy. Msimulie kobe wawili wa Zond 5, chombo cha Warusi, waliouzunguka Mwezi Septemba 1968 kabla ya binadamu yeyote, wakaangukia kwenye Bahari ya Hindi, mbali kusini, lakini maji ni yaleyale yanayopiga Bagamoyo. Walikuwa hawajalishwa tangu kabla ya safari, wakarudi wamepungua uzito kama asilimia kumi, na hamu ya kula wanayo. Na akikuuliza kama wanyama waende tena, mjibu kwamba kuna daktari mmoja Malindi anayesema wasiende mahali ambapo chombo cha kuwarudisha hakijaegeshwa mlangoni.

Sasa mbwa wenu. Binti yako ameona jambo sahihi, tatizo ni lango. Usimwadhibu. Nunua waya mgumu wa mita kumi hadi kumi na mbili, ufunge kutoka mti mmoja hadi mwingine au hadi nguzo ya nyumba, juu kidogo kuliko kichwa cha mtu. Pitisha pete ya chuma kwenye waya kabla ya kuukaza, na mnyororo uufunge kwenye pete hiyo, sio shingoni moja kwa moja. Shingoni mvishe ukanda mpana unaopitisha vidole viwili. Weka vizuizi viwili kwenye waya ili mnyororo usifike mtini ukajizungusha. Maji yawe upande wenye kivuli, na banda upande huohuo. Hapo ataweza kukimbia, kugeuka na kulala anapotaka mpaka mtakapopata fedha za uzio. Jioni binti atembee naye kwa kamba, wewe ukiwa pamoja nao. Na kama hajachanjwa kichaa mwaka huu, mpeleke ofisi ya mifugo ya kata wiki hii, na binti aende naye, amshike kichwa wakati wa sindano.